Dereva wa Milimita 20

Mgeni wetu wa leo ana kimo cha milimita 20. Ni wa plastiki, kapakwa shati jeupe lisilo jeupe sana, na kabla hajaketi kwenye kiti chake cha kazi atakatwa miguu yote miwili. Msimhurumie. Asipokatwa, haingii garini.

Nasema juu ya madereva wanaotiwa ndani ya magari madogo yanayopamba reli za mfano. Ulaya na Marekani wapo watu wazima na akili zao timamu, wahandisi, walimu, wastaafu wa posta, ambao darini au kwenye chumba cha chini ya nyumba wamejenga meza kubwa yenye reli, stesheni, milima ya plasta na mitaa ya maduka, na treni ndogo ya umeme ikizunguka humo. Kipimo kinachopendwa zaidi kinaitwa H0. Humo kila kitu kimepunguzwa mara 87, na mtu wa mita 1 na sentimita 75 anabaki na hizo milimita 20. Waingereza wana chao cha 1:76, ambamo mtu huyohuyo anafika milimita 23. Wenye nafasi finyu huchukua kipimo cha N, yaani 1:160, mtu milimita 11. Na kuna Z, iliyotolewa na kampuni ya Märklin ya Ujerumani mwaka 1972, 1:220, ambamo baba mzima na heshima zake ni milimita 8.

Magari ya kuweka barabarani hununuliwa tayari. Kampuni za Kijerumani kama Wiking na Herpa zimeyatengeneza kwa miaka mingi, na kazi yao ni safi: taa zina lenzi, nembo ya mbele inasomeka ukiwa na kioo cha kukuzia, ndani kuna viti na usukani. Mtu tu ndiye hayupo. Mwenye kiwanda hana kosa. Yeye hajui gari lake utaliegesha kando ya kanisa au utaliweka katikati ya njia kuu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapotofautiana na wengi. Ukiwauliza watu dereva wa mfano ni wa nini, watakwambia ni wa kulifanya gari lionekane linakwenda. Mimi nasema ni wa kulifanya lionekane limesimama. Juu ya meza hiyo kinachokwenda ni treni peke yake. Magari yamegundishwa pale yalipo, leo, kesho na mwaka ujao. Ukiliacha lori katikati ya njia yake, injini ikidhaniwa inanguruma, na kebini ni tupu, jicho linasoma jambo moja tu: lori limetelekezwa. Dereva kakimbia, kuna vita, au breki zimekatika na mwenyewe karuka. Mweke mtu ndani, lilete lori hadi kwenye kivuko cha reli, shusha geti, na kila kitu kinapata maana. Jamaa anasubiri treni ipite. Hata akisubiri miaka 5 hakuna atakayemshangaa, kwa sababu kila treni inapopita, anayetazama anaamini geti litafunguka baada ya hii.

Ndiyo maana wajenzi wenye jicho hupenda vivuko vya reli, taa nyekundu, foleni nyuma ya trekta, lori linaloshusha magunia. Ni sehemu ambazo gari lina sababu ya kutokwenda. Ndiyo maana pia wanaepuka kijitu kilichonyanyua mguu kukimbilia basi. Siku ya kwanza kinafurahisha. Baada ya wiki unaanza kumwonea huruma na huo mguu wake hewani.

Watoto wetu wanaotengeneza magari ya waya, yenye matairi ya vifuniko au kandambili iliyokatwa, hawana shida hii. Sijapata kumsikia hata mmoja akiulizwa dereva yuko wapi. Dereva si huyo, anakimbia nyuma ya gari ameshika usukani wa waya mrefu, mdomo wake ndio injini na honi! Gari la mezani halina mtoto wa kulikimbilia. Mkono wa mwenye meza uko kwenye kidhibiti cha treni, magari yako peke yao.

Yapo magari ya mezani ambayo kweli yanakwenda. Kampuni ya Faller ya Msitu Mweusi, iliyoanzishwa mwaka 1946 na ndugu wawili, ilibuni mtindo wa kufukia waya wa chuma chini ya uso wa barabara. Gari lina betri na mota tumboni, na kwenye ekseli ya mbele kuna sumaku inayofuata waya ule, ikikata kona unapokata kona. Atakayetaka kuona jambo hili lilipofikishwa, aende Hamburg, kwenye maghala ya zamani ya Speicherstadt. Huko ndugu pacha Frederik na Gerrit Braun walifungua Miniatur Wunderland mwaka 2001, na leo kuna zaidi ya kilomita 15 za reli na vijitu zaidi ya 200,000. Kuna mji wa kubuni unaoitwa Knuffingen, ambako magari yanatembea mitaani yakiongozwa na kompyuta, yanawasha viashirio, yanapisha, na gari la zimamoto linatoka na taa za bluu kwenda kuzima moto.

Huko hoja yangu inageuka, nakiri. Gari linalotembea bila mtu si lililotelekezwa tena, ni la majini. Balaa ni kwamba pale ambapo dereva anahitajika zaidi ndipo nafasi yake ilipo ndogo zaidi, kwa sababu betri na mota vimekwishajitwalia sehemu ya kukaa. Kinachoweza kuingia ni kichwa, mabega na kifua kidogo, kimegundishwa nyuma ya kioo. Na kinatosha! Mpita njia anayelitazama basi likipita haoni magoti ya dereva hata katika maisha ya kweli.

Turudi kwa yule wetu wa miguu ya kukatwa. Kwa nini akatwe, wakati yeye na gari wamepimwa kwa kipimo kimoja? Bati la gari la kweli halifiki unene wa milimita moja. Ligawe kwa 87 uone kama kuna plastiki utakayoweza kuimimina kwenye kalibu ikatoka nyembamba hivyo na ikashika. Haipo. Kwa hiyo paa la gari dogo ni nene kupita kiasi, milango ni minene, sakafu ni nene na kiti kimekaa juu yake. Unene wote huo unaingia ndani, si nje, kwa sababu nje lazima vipimo vibaki sahihi. Mtu aliyeketi, kuanzia kiti hadi utosi, ana kama sentimita 90, yaani milimita 10 kwa hesabu. Ndani ya gari huenda umebakiwa na 8. Hesabu ni sahihi na kichwa kinagonga paa.

Kulifungua gari ni kazi ya kucha na subira. La plastiki kwa kawaida halina skrubu. Bodi imenasa kwenye chesisi kwa vishikizo vidogo, unaibana ubavuni na kuvuta taratibu hadi linagawanyika: bodi, kipande kimoja chenye vioo vyote, sahani ya viti, chesisi na magurudumu. Ukisikia kitu kimelia, usifurahi kwanza, tazama kama si kishikizo kilichokatika. Magari ya chuma mengi yamefungwa kwa ribiti, na ribiti hutolewa kichwa kwa keekee nyembamba. Hiyo si kazi ya kuanzia.

Vijitu navyo vinauzwa. Jina kubwa ni Preiser, kampuni iliyoanza mwaka 1949 na yenye makao karibu na mji wa Rothenburg ob der Tauber, kusini mwa Ujerumani. Wanavyo vilivyopakwa rangi kwa mkono, bei yake inauma, na wanavyo visivyopakwa, vingi kwenye boksi moja, ambavyo kimoja kimoja ni rahisi zaidi. Mwenye magari mengi anachukua vya pili. Wanauza hata madereva waliokwisha kuketi. Lakini wengi walioketi katika maboksi ya kawaida wameketi kama watu wa benchi la bustani, magoti yakiinama sawasawa, ilhali dereva wa gari dogo anakaa chini na miguu kainyoosha mbele. Wembe mkali, kata juu ya mapaja au kiunoni kabisa. Sugua chini kwa msasa. Mweke bila gundi, funga bodi. Bodi ikifunga yenyewe bila kulazimishwa, umefika. Ikibaki na mwanya, fungua, msugue tena. Kwa kazi hii ni afadhali kusugua mara nyingi kidogokidogo.

Lori lina kebini ndefu na vioo vikubwa, humo mtu mzima anaweza kuingia na utingo wake. Trekta na gari la wazi havisamehi, kila kitu kinaonekana, miguu iwe yote. Na kofia! Picha za miaka ya 1930 zinaonyesha mabwana wanaendesha na kofia zao kichwani, na mjenzi anayependa ukweli anataka kofia. Kofia inaongeza nusu milimita, na nusu milimita ndiyo iliyokuwa imebaki. Wengine hukata shingo na kumwinamisha jamaa kidogo, akaonekana anatafuta kitu kwenye redio ya gari. Mimi naona ni ujanja halali.

Mikono inawasumbua watu kuliko inavyostahili. Usukani wa kweli una kipenyo cha karibu sentimita 40, huku ni milimita 4 na nusu, na kijitu kilichotengenezwa kwa ajili ya benchi kina mikono mapajani. Unaweza kukata mkono begani na kuugundisha upya ukielekea mbele. Lakini mkumbuke alipo: yuko kwenye foleni. Dereva wa foleni hashiki usukani kwa mikono miwili kama mwanafunzi siku ya mtihani wa leseni. Kiwiko dirishani, uso umegeukia treni inayopita. Kichwa kilichogeuzwa kina faida kuliko mikono yote miwili, kwa sababu kichwa ndicho kinachoonekana kioo kikimetameta.

Gundi zile za kukamata papo hapo ziepuke ndani ya gari lenye vioo. Mvuke wake hutua kwenye plastiki angavu na kuacha utando mweupe kama ukungu, na utando huo haufutiki kwa kitambaa. Tumia gundi nyeupe ya maji, ile ya mbao. Inachelewa kukauka, lakini kuchelewa kwake ndiko kunakupa muda wa kumnyoosha jamaa aliyelala upande.

Kuhusu rangi, ndani ya gari ni giza, na giza linakula rangi. Shati la kijivu litapotea, suti nyeusi usifikirie. Paka nguo hatua moja angavu kuliko unavyodhani inafaa, rangi isiyong'aa, ndipo dirishani itaonekana ya kawaida. Macho usipake kabisa. Kichwa chenyewe kina urefu wa milimita 2 na nusu hivi. Upana wa jicho ni kama theluthi moja ya milimita. Anayejaribu kutia doa jeupe na nukta nyeusi humo hupata dereva aliyeona mzimu. Kivuli kidogo chini ya nyusi kinatosha.

Vijitu vinavyouzwa vikiwa vimepakwa, vingi ni Wazungu. Soko ndilo lililo hivyo. Ukitaka dereva Mwafrika, nunua visivyopakwa, na ujue kwamba kahawia iliyokoza ndani ya kebini yenye giza itaumeza uso wote. Paji la uso, mashavu na daraja la pua vitiwe kahawia nyepesi, kama mwanga wa kioo cha mbele umempiga. Nalisema hili kwa kirefu kwa sababu si la urembo tu. Katika reli za kusini mwa Marekani enzi za mvuke, mtia makaa mara nyingi alikuwa mtu Mweusi na dereva Mweupe. Ubaguzi ulimzuia yule wa kwanza kupanda cheo awe dereva, hata kama alikaa kwenye kebini ileile miaka na miaka akiijua kila kona na kila mlima wa njia. Anayejenga reli ya Alabama au Georgia ya miaka ya 1930 na kuwapaka watu wote wa kebini rangi moja ya waridi kaifuta historia kwa brashi nyembamba kabisa. Pengine hakukusudia. Boksi lilikuja hivyo.

Na siku fundi wetu mmoja atakapojenga njia ya Mombasa hadi Nairobi, naye ana la kufikiri. Zile injini za Garratt za daraja la 59, 34 kwa idadi, zilizotengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, hazikuendeshwa na vijitu vya boksi la Ujerumani. Singasinga mwenye kilemba kwenye kebini ya reli zetu hakuwa jambo geni, na Waafrika walikuwamo. Kilemba cha milimita 3 kinatengenezeka kwa tone la gundi ya mbao lililopakwa rangi baada ya kukauka. Injini moja ya aina hiyo, namba 5918, Mount Gelai, iko katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Anayetaka vipimo na aende na futi yake.

Upande wa kuketi ni jambo la dakika moja, ila wanaokosea ni wengi. Ujerumani na Marekani dereva wa gari yuko kushoto. Uingereza na kwetu, kulia. Lakini dereva wa treni ya mvuke wa Ujerumani alikaa kulia, na Marekani pia kulia. Waingereza hawakukubaliana wenyewe kwa wenyewe: kampuni ya Great Western ilimweka kulia, injini za mvuke za mwisho za British Railways zilimweka kushoto. Magari madogo ya posta ya Marekani, yale yaliyoanza kutumika miaka ya 1980, yana usukani kulia katika nchi ya usukani wa kushoto, ili mpeleka barua afikie masanduku ya barabarani bila kushuka. Mjenzi aliyelijua hilo akalitenda, mgeni mmoja katika mia ataligundua, na huyo mmoja atasimama hapo robo saa.

Mkanda wa kiti nao una tarehe. Ujerumani Magharibi iliulazimisha kwa viti vya mbele mwaka 1976, Uingereza mwaka 1983. Mstari mwembamba mweusi begani unaiweka meza yako baada ya mwaka fulani, na ukikosekana unaiweka kabla. Halafu wanawake: vijitu vya madereva ni vya kiume kupita kiasi. Uingereza ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, shambani juu ya trekta ungemkuta msichana wa jeshi la kilimo la wanawake. Chonga nywele za plastiki kwa wembe, utampata.

Tukubaliane pia kuhusu nani asipewe dereva. Nimeona picha za meza ambazo mwenyewe kanogewa, kila gari lina mtu, hata yaliyoegeshwa mbele ya hoteli usiku. Watu kumi na wawili wameketi gizani kwenye magari yao, hawasemezani. Huo si mtaa, hao ni polisi wa siri. Gari lililoegeshwa liachwe tupu, na mwenyewe umweke anakohusika: mlangoni mwa duka la mikate, au kwenye kituo cha mafuta ameshika bomba, kiti chake kikionekana wazi nyuma ya kioo.

Wapo watakaouliza nani ataona. Zamani swali hilo lilikuwa na nguvu. Meza ilitazamwa kutoka juu, kama ndege atazamavyo, na kutoka juu unaona mapaa. Siku hizi mgeni anaingiza simu yake hadi usawa wa lami, anapiga picha, anaikuza, na kioo cha mbele cha lori kinajaa kioo cha simu. Humo kuna mtu au hakuna.

Nimemwacha dereva wa treni mwisho, naye ndiye mgumu kuliko wote. Wa injini ya mvuke hana tatizo, kebini ni moja. Lakini injini ya umeme ina kebini mbili, moja kila upande, na dereva wa kweli hukaa ile ya mbele. Mezani treni inafika kituo cha mwisho, unageuza swichi, inarudi, na sasa dereva yuko nyuma akitazama inakotoka treni. Wengine wanaamua injini hiyo iende upande mmoja tu maisha yake yote, wakaijengea njia ya mzunguko ili isirudi kinyumenyume. Wengine wanaacha kebini zote tupu na kufunga mapazia madogo. Mimi ningeweka wawili. Mgeni akiuliza huyo wa nyuma anafanya nini, mjibu kwamba zamu yake inaanzia kituo kinachofuata.